Nyumba Yako Iko Wapi Maji Yajapo?

Mwezi wa Agosti mwaka 2019, watu wa Kenya walipohesabiwa, mimi nilikuwa mmoja wa makarani waliokwenda nyumba hata nyumba. Siku ya tatu ya kazi ile nilifika kwa mzee mmoja katika bonde la chini la mto Nzoia, karibu na mahali ambapo mto huo unaingia katika ziwa Victoria. Nilimwamkia, akanipa kigoda, nami nikaanza kumwuliza maswali niliyopewa: ni watu wangapi waliolala hapa usiku wa kuamkia tarehe 25; ukuta wa nyumba umejengwa kwa nini; paa ni la nini; sakafu ni ya nini.

Alinijibu yote kwa saburi. Ukuta ni fito na udongo. Paa ni mabati. Sakafu ni udongo. Kisha akasimama, akanichukua mpaka kwenye mti mkubwa ulio ukingoni mwa shamba lake, akaweka kiganja chake juu ya shina, sawa na kifua cha mtu mzima.

"Mwaka 1961 maji yalisimama hapa," akasema. "Mimi nilikuwa mtoto, baba akanibeba mabegani. Je, katika mashine yako hiyo mna mahali pa kuandika jambo hili?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee, hamna."

"Basi niambie jambo jingine, mwanangu. Mkisha kuiandika nyumba yangu, mtaniletea mtumbwi, au mtaniletea askari?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Lakini swali lake lilikuwa la haki, nalo latuhusu sote, mkulima aliye bondeni na karani aliye mjini. Kwa hiyo nimeona yafaa kueleza katika makala haya jinsi wataalamu wanavyochora ramani za watu na nyumba zilizo njiani mwa hatari, ramani hizo zina faida gani, zina upungufu gani, na mwenye nyumba ana haki gani juu yake.

MVUA PEKE YAKE HAIUI MTU

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mafuriko yameua watu, au tetemeko limeua watu. Usemi huo ni kweli, lakini si kweli yote. Mvua kubwa ikinyesha katika msitu usio na mtu, mto utajaa, utatapika, na kesho yake utarudi mahali pake, hakuna atakayelia. Ili msiba utokee yapasa mambo matatu yakutane. La kwanza ni hatari yenyewe, kama maji, maporomoko ya ardhi au tetemeko. La pili ni watu na mali zao kuwa katika njia ya hatari hiyo. La tatu ni udhaifu wa vitu hivyo, maana ukuta wa udongo hauyapokei maji kama ukuta wa mawe.

Hebu tutazame mfano mmoja wa nchi yetu. Tarehe 6 Januari mwaka 1928 tetemeko kubwa lilitikisa Subukia, katika Bonde la Ufa. Ukubwa wake ulikuwa kadiri ya 6.9, nalo likapasua ardhi kwa urefu wa kilometa nyingi chini ya genge la Laikipia. Tangu siku hiyo hadi leo halijatokea tetemeko jingine la ukubwa huo katika Kenya. Hata hivyo msiba haukuwa mkubwa. Sababu yake ni nini? Watu walikuwa wachache, na nyumba nyingi zilikuwa nyepesi, za miti na nyasi.

Sasa tufikiri. Ufa ule wa ardhi haukuhama. Uko pale pale. Lakini katika hesabu ya mwaka 2019 kaunti ya Nakuru, ambayo Subukia ni sehemu yake, ilikuwa na watu 2,162,202, na mwaka 2021 mji wa Nakuru ulipewa cheo cha jiji. Mahali palipokuwa na vibanda leo pana nyumba za mawe, za orofa juu ya orofa. Hatari ni ile ile ya mwaka 1928. Kilichobadilika ni watu na nyumba. Ndiyo maana mtu anayesema, "Babu zangu walikaa hapa wasidhurike," hasemi uwongo, lakini hajamaliza hesabu. Babu zake walikuwa wangapi, nao walijenga kwa nini?

HESABU INAYOKUA KIMYA KIMYA

Mwaka 1961, mvua zilipozidi na mito ikafurika, watu wa Kenya yote hawakuwa wengi. Hesabu ya mwaka uliofuata, 1962, ilionyesha watu 8,636,263. Mwaka 2019 tulikuwa 47,564,296. Yaani mahali palipokuwa na watu wawili sasa wako kumi na mmoja. Ardhi haikuongezeka hata ekari moja. Basi hao walioongezeka wamekwenda wapi? Wengine wamepanda juu kwenye miteremko ambayo wazee waliiacha kuwa malisho. Wengine wameshuka bondeni penye udongo mzuri ulioletwa na mto wenyewe. Wengine wamekwenda mjini, wakapata chumba cha bei nafuu ukingoni mwa kijito, kwa kuwa mahali pakavu kodi yake hawaiwezi.

Kwa hiyo mvua inayolingana na ile ya mwaka 1961 ikinyesha leo haiwakuti watu wale wale. Tuliliona jambo hilo mwaka 2024, mvua za masika zilipoleta mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya, na watu karibu 300 wakafa.

Wala si Kenya peke yake. Tarehe 1 Machi mwaka 2010, katika wilaya ya Bududa nchini Uganda, mteremko wa mlima Elgon uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, na mamia ya watu wakafa au wakapotea. Tarehe 10 Septemba mwaka 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba, nchini Tanzania. Lilikuwa dogo sana kuliko lile la Subukia, lakini liliua watu wasiopungua 17 na kuharibu maelfu ya nyumba. Tarehe 3 Desemba mwaka 2023 matope na mawe ya mlima Hanang yalishukia mji mdogo wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Na mwezi wa Novemba mwaka 2019, miezi mitatu tu baada ya sisi makarani kumaliza kuhesabu, maporomoko ya ardhi ya usiku mmoja katika Pokot Magharibi yaliua watu zaidi ya 40. Katika makarani wenzangu wako waliokuwa wameandika majina ya jamaa hizo kwa mikono yao.

RAMANI HIZI HUTENGENEZWAJE?

Msomaji aliyepata kuchora ramani shuleni atakumbuka karatasi ile nyembamba iliyopitisha mwanga. Unachora mito katika karatasi moja, barabara katika karatasi ya pili, milima katika karatasi ya tatu. Kisha waziweka moja juu ya nyingine, na yote yaonekana pamoja. Kazi tunayoieleza ni hiyo hiyo, ila siku hizi hufanywa na kompyuta.

Karatasi ya kwanza ni ya hatari. Wataalamu huangalia mteremko wa ardhi, aina ya udongo, njia za mito na alama za mafuriko ya zamani. Karatasi ya pili ni ya watu. Habari zake hutoka katika hesabu ya watu. Karatasi ya tatu ni ya nyumba: ziko ngapi, ziko wapi, na zimejengwa kwa nini. Ndiyo maana karani huuliza habari za ukuta na paa. Haulizi kwa udadisi, wala kwa kutaka kujua umaskini wa mtu. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kila jamaa 10 za Kenya, 8 hivi zilikaa chini ya mabati, na zaidi ya robo ya jamaa zote zilikaa katika nyumba za kuta za udongo. Mtaalamu akiona hayo, ajua kwamba upepo, maji na tetemeko havitaidhuru kila nyumba kwa namna moja.

Siku hizi karatasi ya nyumba hupatikana pia kutoka angani. Setilaiti hupiga picha, na kompyuta hufundishwa kutambua kila paa. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa orodha ya paa zaidi ya milioni 500 za Afrika, iliyotengenezwa kwa njia hiyo. Tena, kati ya mwaka 2018 na 2021, wataalamu walioongozwa na Idara ya Jiolojia ya Uingereza walifanya kazi pamoja na serikali za Tanzania na Nepal, wakatayarisha ramani za nyumba na hatari, kisha wakaieneza njia yao ya kukadiria nyumba katika nchi 47 zilizo nyuma kabisa kwa mapato. Hapa Nairobi, katika mtaa wa Kasarani, kipo kituo cha ramani cha nchi nyingi za Afrika kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho husaidia serikali zetu katika kazi za namna hii.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mkulima anayejua kukadiria magunia ataielewa. Tuseme ramani ya hatari yaonyesha kwamba mto ukijaa utafunika bonde fulani, na picha ya angani yaonyesha paa 200 za kulala watu katika bonde hilo. Hesabu ya mwaka 2019 yasema kwamba jamaa moja ya Kenya ina watu karibu 4. Basi watu wapatao 800 wako njiani mwa maji. Sasa mkuu wa kazi ajua atafute mashua ngapi, mablanketi mangapi, na shule ipi iliyo mlimani iwekwe tayari. Asiyekuwa na ramani hungoja mpaka simu ya kwanza ya kilio, naye hupeleka msaada mahali penye barabara nzuri, si mahali penye shida kubwa.

KILE AMBACHO RAMANI HAIKIONI

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kompyuta yajua kila kitu. Nilipopata nafasi ya kuitazama picha ya bonde lile la Nzoia niliitafuta nyumba ya mzee wangu. Mashine ilikuwa imehesabu paa nne katika boma lake. Nikacheka peke yangu, kwa sababu niliwahi kukaa pale na nilijua: paa moja ni ghala ya mahindi, na ya pili ni zizi la ng'ombe. Watu walilala katika mbili tu. Upande mwingine, mjini, paa moja ndefu ya mabati yaweza kufunika vyumba 20, na kila chumba kina jamaa yake. Shambani mashine yaongeza watu wasiokuwako. Mjini yawapunguza waliopo. Kosa hilo si dogo, maana ndilo linaloamua mashua zitakwenda wapi.

Pili, ramani huonyesha mahali watu walipo siku moja tu. Usiku wamelala nyumbani, mchana wako sokoni, watoto wako shuleni. Maji yaliyoangamiza vijiji karibu na Mai Mahiu tarehe 29 Aprili mwaka 2024 yalikuja kabla ya mapambazuko, kila mtu akiwa kitandani, na watu wapatao 50 wakafa. Maji hayo hayakuwa mto uliojulikana. Yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa sababu njia yao ya kupita chini yake iliziba kwa takataka na magogo. Ramani ya mito peke yake isingalionyesha hatari hiyo. Mtu aliyepita pale kila siku na kuona maji yakituama ndiye angaliweza kuionyesha.

Tatu, ramani haina kumbukumbu ya wazee isipoulizwa. Katika jiji la Dar es Salaam kazi iitwayo Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015, iliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wenyeji katika mitaa inayofurika. Walipima mifereji, wakaandika nyumba, tena wakawauliza wakaaji maji yalifika wapi, yakawa na kina gani. Hapa kwetu vijana wa Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao mwaka 2009, wakati ambapo katika ramani nyingi mtaa huo ulikuwa kama shamba tupu. Kazi za namna hiyo ndizo zinazoingiza katika kompyuta alama iliyo katika shina la mti wa mzee.

MTUMBWI AU ASKARI?

Sasa nirudi kwenye swali la mzee. Hofu yake haikutokana na ujinga. Watu wengi wa nchi hii wana sababu ya kumshuku mtu mwenye kalamu anayekuja kuuliza habari za nyumba. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 serikali iliamuru kwamba waliojenga karibu na mito ya Nairobi, ndani ya meta 30, waondoke. Na nyumba nyingi katika mitaa ya Mathare na Mukuru zikabomolewa. Kweli ilikuwa pande zote mbili. Ni kweli kwamba watu wale walikuwa njiani mwa mauti. Ni kweli pia kwamba waliamriwa kuhama wakati wa mvua, na shilingi 10,000 walizoahidiwa kila jamaa hazikutosha kumtafutia mtu kao jipya katika jiji.

Kwa hiyo, yeyote asemaye kwamba ramani ni jambo la heri tupu anawadanganya watu. Ramani ni kama panga. Mkononi mwa mkulima hufyeka njia, na mkononi mwa mwingine yaweza kuumiza. Lakini je, dawa yake ni kujificha isituone? La. Aliyejificha asiandikwe hakuiepuka amri ya kuhama, maana paa lake laonekana kutoka angani atake asitake. Alichokikosa ni haki ya kusema, "Mimi nilikuwapo hapa, na jamaa yangu ni watu sita, na ukuta wangu ulikuwa wa mawe." Setilaiti huhesabu paa, haiwezi kumtetea mwenye paa.

Tena sheria haikumwacha mwananchi bila kinga. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 yakataza kutoa nje habari za mtu mmoja mmoja zilizokusanywa katika hesabu. Kinachotolewa ni jumla ya watu wa mahali.

YATUPASAYO KUFANYA

Yako mambo manne ambayo kila msomaji aweza kuyafanya pasipo kungoja fedha za mtu.

Kwanza, karani wa hesabu ajapo, mwambie kweli. Usipunguze watu kwa kuogopa kodi, wala usiwaongeze kwa kutumaini msaada. Uwongo wako leo ni upungufu wa mablanketi kesho.

Pili, ziandike alama za zamani. Waulize wazee maji yalifika wapi mwaka 1961, na tena katika mvua kubwa za mwaka 1997. Ni mteremko upi uliwahi kupasuka. Ni chemchemi ipi iliyotokea ghafula kabla ardhi haijashuka. Andika mahali na mwaka, umpelekee naibu wa chifu nakala moja, na nakala nyingine ibaki shuleni.

Tatu, dai kuiona ramani ya mahali pako. Katika baraza la chifu simama uulize kwa adabu: kata yetu iko wapi katika ramani ya hatari? Ni nyumba ngapi zilizohesabiwa? Nasi tutakimbilia wapi? Ramani iliyofungwa kabatini haimwokoi mtu.

Nne, kabla hujajenga, tazama kwanza. Ukipata kiwanja cha bei rahisi mno, uliza kwa nini ni rahisi. Inua msingi mahali pa maji; usikate mguu wa mteremko ili kupata uwanja; usizibe mfereji kwa takataka. Wahenga walisema kwamba maji hufuata mkondo, nayo hayana desturi ya kumwuliza mwenye hati.

Nao walio na madaraka yawapasa wakumbuke kwamba kumwonyesha mtu hatari bila kumwonyesha mahali pa kwenda ni kumwongezea hofu tu. Ramani yenye rangi nyekundu bondeni yapasa iwe pia na rangi ya kijani mlimani, yaani mahali ambapo pana ardhi, maji na shule kwa ajili ya wale watakaohama.

Mwezi wa Mei mwaka 2020 mto Nzoia ulifurika tena, na ziwa Victoria nalo likapanda juu kuliko ilivyopata kuandikwa. Wiki chache baadaye nilipata habari za mzee wangu. Alikuwa hajangoja mtumbwi wala askari. Alipoona maji yamefika kwenye mizizi ya ule mti, aliwachukua mkewe na wajukuu wake, akawapandisha mahali pa juu siku mbili kabla ya wengine. Nyumba ilianguka, watu wote walikuwa salama. Yeye alikuwa na ramani yake, nayo ilikuwa shina la mti na kiganja cha mkono.

Naliona aibu kwamba nilikuwa nimeketi kwa mtu huyo, nikaandika ukuta wake na paa lake na sakafu yake, nikaondoka na mashine isiyo na mahali pa kuandika jambo kubwa kuliko yote aliyonionyesha. Tangu hapo nitembeapo kwa kazi hubeba daftari ndogo pembeni. Swali langu la mwisho kwa kila mwenye nyumba halimo katika fomu: "Mzee, maji yalifika wapi?"